Tuanze na Kipindi, Kamera Itafuata: Hotuba kwa Walimu Wanaotaka Kugeuza Darasa

Mwenyekiti wa kikao, wakuu wa shule, walimu wenzangu wa masomo yote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kuanza kufundisha kwa mtindo wa darasa geuzi, yaani maelezo ya mada yanatangulia kipindi na mazoezi yanafanyika darasani, na kazi hii nimeipokea kwa furaha. Najua wengi wenu mmeshalisikia jina. Najua pia kwamba baadhi yenu mmeanza kuulizana kuhusu kamera, vipaza sauti na programu za kuhariri video. Kabla hamjanunua chochote, nawaomba mnitegee sikio. Nina jambo moja kubwa la kusema leo, na mengine yote yatalizunguka hilo: darasa geuzi huanzia kwenye kipindi, si kwenye video. Mwalimu anayeanza kwa kurekodi huchoka mapema. Mwalimu anayeanza kwa kujiuliza wanafunzi wake watafanya nini wakiwa pamoja naye darasani atafika mbali, hata kama hana kifaa chochote zaidi ya kitabu na karatasi.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Katika ufundishaji tuliouzoea, mwanafunzi hukutana na mada mpya darasani. Mwalimu anaeleza, anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Jioni mwanafunzi anafungua daftari afanye maswali aliyopewa, na hapo ndipo anapokutana na ugumu wenyewe. Swali la kwanza analiweza, kwa kuwa linafanana na mfano wa ubaoni. La pili analiweza kwa shida. La tatu limebadilishwa kidogo tu, naye anakwama. Amuulize nani? Mzazi ana shughuli zake, au mada hiyo hakuisoma kabisa. Asubuhi anawahi shuleni anakili kwa mwenzake, mwalimu anaweka alama ya vema, na maisha yanaendelea. Mtu pekee ambaye angemkwamua kwa dakika mbili hakuwepo alipohitajika. Na alipokuwepo, muda wake mwingi uliishia kwenye kusema maneno ambayo mwanafunzi angeweza kuyasoma au kuyasikiliza mahali pengine.

Darasa geuzi hubadilishana nafasi za mambo hayo mawili. Maelezo ya kwanza ya mada yanatangulia kipindi, kwa video fupi, kwa sauti iliyorekodiwa, au kwa kurasa mbili za kitabu zenye maswali ya kuongoza. Kipindi kinabaki kwa kazi ngumu: kutatua, kubishana kwa hoja, kuandika, kupima, kukosea mbele ya mtu anayeweza kukusahihisha papo hapo. Waliosomea ualimu wanazikumbuka ngazi za kufikiri za Benjamin Bloom za mwaka 1956, zilizopangwa upya mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Tazameni ratiba zetu zilivyo. Ngazi za chini tunazifanya tukiwa pamoja na wanafunzi. Za juu, zile zinazotoa jasho, tunawaachia wazifanye peke yao usiku.

Sasa niwaeleze wazo hili lilikotoka, kwa sababu historia yake inaonyesha vizuri kwamba video si kiini chake.

Eric Mazur ni mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Kwa miaka kadhaa alifundisha kwa mihadhara, wanafunzi wake walimsifu kwenye fomu za tathmini, na mitihani waliifaulu. Kisha akawapa jaribio la aina nyingine, lenye maswali ya maisha ya kawaida kuhusu nguvu na mwendo, yasiyodai ukokotoaji. Kwa mfano: lori zito limegongana uso kwa uso na gari dogo, ni lipi limelisukuma jingine kwa nguvu kubwa zaidi? Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi, kwa namna walivyofundishwa au kwa namna anavyofikiri siku zote. Swali hilo peke yake lilitosha kumfungua macho mwalimu yeyote. Vijana waliokuwa wanaikariri sheria ya tatu ya Newton neno kwa neno waliamini bado kwamba lori ndilo linalosukuma zaidi, hali sheria yenyewe inasema nguvu ni sawa pande zote mbili. Walikuwa na fizikia ya mtihani na fizikia ya moyoni, na hizo mbili hazikuwa zimekutana.

Mwaka 1991 Mazur akaanza kufundisha kwa namna nyingine. Wanafunzi walisoma kabla ya kuja. Darasani alieleza kwa ufupi, kisha akauliza swali moja la kuchagua jibu. Kila mmoja alifikiri peke yake na kupiga kura. Waliopata jibu sahihi wakiwa chini ya asilimia 30, alirudi kueleza, maana hapo wangejadiliana gizani. Wakizidi asilimia 70, alifafanua kidogo na kusonga mbele. Wakiwa katikati, ndipo kazi ilipoanza: kila mmoja amgeukie jirani yake mwenye jibu tofauti na amshawishi. Baada ya dakika chache walipiga kura tena, na kwa kawaida waliopata waliongezeka. Sababu yake ni rahisi. Mwanafunzi aliyeelewa sasa hivi bado anakumbuka pale alipojikwaa. Mwalimu aliyeelewa miaka 20 iliyopita ameshasahau kwamba palikuwa na kisiki.

Mwaka 2000 walimu watatu wa uchumi, Maureen Lage, Glenn Platt na Michael Treglia, walichapisha makala kuhusu namna walivyokuwa wakifundisha chuoni kwao katika jimbo la Ohio. Mwanafunzi wao aliweza kuchagua: asome kitabu, atazame mhadhara uliorekodiwa kwenye kanda ya video, au afuatilie slaidi zenye sauti. Darasani walifanya majaribio ya kiuchumi na kazi za vikundi. Lililonivutia hapo ni ule uhuru wa kuchagua njia. Si kila mtu hujifunza vizuri kwa kutazama, na kitabu hakijapitwa na wakati.

Kisha mwaka 2007, walimu wawili wa kemia wa shule ya sekondari ya Woodland Park huko Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, wakaanza kurekodi masomo yao. Nia yao ya mwanzo ilikuwa ndogo tu. Wanafunzi wengi walikuwa wanakosa vipindi kwa ajili ya michezo na shughuli nyingine za shule, na walimu hawa walichoshwa na kurudia somo lile lile kwa mmoja mmoja. Wakashangaa kuona hata waliokuwepo darasani wanazitazama rekodi hizo ili kujikumbusha. Ndipo wakajiuliza: mwanafunzi ananihitaji hasa wakati gani? Anaponisikiliza nikieleza, au anapokwama? Jibu mnalijua. Hao wawili ndio walioufanya mtindo huu ujulikane sana mashuleni, na swali lao ndilo ninalotaka muondoke nalo leo, zaidi ya mbinu yoyote ya kurekodi.

Mtaniuliza kama mtindo huu unafaa kweli, au ni fasheni inayopita. Tafiti zipo nyingi na hazisemi jambo moja, kwa hiyo nitawatajia chache ninazoziamini.

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, walioshindwa walikuwa karibu asilimia 34. Katika madarasa ambayo wanafunzi walishughulishwa, walikuwa karibu asilimia 22. Angalieni vizuri: kilicholinganishwa hapo ni kushughulisha na kutoshughulisha, wala si video. Mwaka uliofuata Jamie Jensen na wenzake wakafanya jambo la busara sana. Walichukua darasa geuzi la biolojia wakalilinganisha na darasa lisilogeuzwa, lakini yote mawili yakiwa na shughuli na mijadala. Matokeo hayakutofautiana. Kwa maneno mengine, faida inatoka kwenye shughuli. Kutanguliza maelezo nyumbani ni njia ya kuipatia shughuli hiyo muda.

Na upo utafiti wa Elizabeth Setren na wenzake, uliofanyika katika chuo cha kijeshi cha West Point, ambako madarasa yalipangwa kwa bahati nasibu. Katika hisabati wanafunzi wa darasa geuzi walipata nafuu ya muda mfupi, lakini haikudumu. Katika uchumi hakukuwa na nafuu. Zaidi ya hapo, pengo kati ya waliokuwa vizuri na waliokuwa nyuma liliongezeka. Huu ndio utafiti ninaotaka kila mwalimu anayeanza aujue. Unatuambia kwamba tukigeuza darasa kienyeji, watakaonufaika ni wale ambao wangefaulu hata bila sisi. Kwa hiyo kila hatua nitakayoitaja kuanzia sasa, ipimeni kwa kipimo hiki: inamsaidia aliye nyuma, au inamwacha zaidi?

Tuingie sasa jikoni.

Msigeuze somo zima. Msigeuze hata muhula mmoja. Chagueni mada ndogo moja, tena si yoyote: ile ambayo kila mwaka wanafunzi wanaikosea kwa namna ile ile. Kila mwalimu anayo. Ukiwa na mada hiyo, usifikirie kwanza utakachowaeleza. Fikiria kosa. Wanakosea nini hasa, na ni shughuli gani ya dakika 20 ingewafanya walione kosa hilo kwa macho yao? Andika shughuli hiyo kwanza. Halafu jiulize: ili waweze kuifanya, wanahitaji kuja wanajua nini? Hicho, na hicho tu, ndicho utakachokitanguliza. Utashangaa jinsi kilivyo kidogo.

Nitawapa mfano mmoja na nitakaa nao kidogo, kwa sababu mambo haya yakizungumzwa juu juu yanakuwa matamu lakini hayafundishiki. Tuchukue kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mnalijua kosa lenyewe: mtoto anaona nusu kujumlisha theluthi, 1/2 + 1/3, anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anaandika 2/5. Tumelisahihisha mara ngapi kosa hili kwa wino mwekundu? Na mwaka unaofuata limerudi vile vile.

Maelezo ya kutanguliza ni mafupi sana. Ukanda wa karatasi umekunjwa ukagawanyika vipande sita vilivyo sawa. Nusu yake ni vipande vitatu, theluthi yake ni vipande viwili. Sasa vipande vyote vina ukubwa mmoja, tunaweza kuvihesabu pamoja: vitano kati ya sita. Hayo yanaelezeka kwa dakika nne. Mwishoni mwanafunzi anapewa maswali matatu ya kujibu kwenye daftari au kwenye kipande cha karatasi. La kwanza: andika 1/2 kama sehemu yenye asili 6. La pili: jumlisha 1/2 na 1/3. La tatu ndilo roho ya yote: rafiki yako amepata 2/5, bila kumwambia jibu sahihi, mweleze kwa nini jibu lake haliwezekani.

Kabla ya kipindi unakusanya vikaratasi hivyo, au unaomba wavitumbukize kwenye sanduku mlangoni asubuhi. Huvisahihishi. Unasoma swali la tatu peke yake na kugawa mafungu. Fungu moja limeandika kitu kama hiki: 2/5 ni ndogo kuliko nusu, sasa umeanza na nusu, ukaongeza, ukapata pungufu ya nusu? Hao wameelewa. Fungu jingine limeandika: haiwezekani kwa sababu lazima asili zifanane. Hao wana kanuni, lakini sababu hawana, na mtihani wa kawaida usingewagundua kamwe, kwa kuwa swali la pili wamelipata. Fungu la mwisho limekubaliana na rafiki, au limeacha wazi. Kazi hiyo ya kugawa inachukua dakika chache, na mwalimu anaingia darasani akiwa anajua kitu ambacho kwa kawaida tunakijua baada ya mtihani, mada ikiwa imeshapita.

Kipindi kinaanza bila somo. Unaandika ubaoni majibu mawili ya swali la tatu, bila majina, moja la fungu la kwanza na moja la fungu la pili. Unauliza: lipi litamshawishi rafiki? Wanapiga kura kwa mikono, wanageukiana, wanabishana. Halafu vikundi vya watu watatu watatu, mchanganyiko wa mafungu yote, vinapewa kanda za karatasi na maswali yanayopanda ugumu: 1/4 na 1/3, kisha 2/3 na 3/4 ambapo jumla inavuka kitu kizima na ukanda mmoja hautoshi. Hapo ndipo mnaposikia kelele nzuri. Mwalimu anazunguka. Anaona kalamu ya mtoto wa pembeni imesimama kwenye mstari wa pili, haiendi. Anainama, anauliza, ulikuwa unataka kufanya nini hapa? Mtoto anaonyesha, na kosa linatoka likiwa bado bichi. Katika kipindi cha kawaida mtoto huyo angekuwa ananakili kwa mwandiko mzuri, nasi tungedhani ameelewa.

Nimekaa sana kwenye mfano huu makusudi. Mwone kwamba hapakuwa na teknolojia yoyote ya lazima. Maelezo ya karatasi iliyokunjwa yangeweza kuwa ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono.

Ukiamua kurekodi, rekodi kwa simu uliyonayo. Utafiti wa Philip Guo na wenzake wa mwaka 2014, uliochambua mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi wa kozi za mtandaoni za edX walifungua video, ulionyesha kwamba watazamaji wengi hawavumilii zaidi ya dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Kwa hiyo wazo moja, rekodi moja. Likizidi, gawa. Andika huku ukisema, wanafunzi waone mkono unavyosogea. Usiwaonyeshe slaidi iliyojaa maandishi huku ukiisoma, maana jicho na sikio vitagombania maneno yale yale. Katikati simama, uliza swali, waambie wasimamishe rekodi wajibu kwanza. Ukijikwaa neno, jirekebishe na uendelee, usianze upya. Sauti isikike vizuri: chumba tulivu, simu karibu na mdomo. Picha isiyo nzuri sana huvumilika, sauti mbovu haivumiliki. Na kama ipo rekodi nzuri ya mwalimu mwingine, itumieni. Lakini wengi wenu mtagundua kwamba wanafunzi wanaisikiliza zaidi sauti wanayoifahamu, inayotumia maneno yale yale watakayoyasikia darasani.

Maswali yanayoambatana na rekodi yasizidi matatu au manne, na moja lazima liwe: ni wapi hukuelewa? Swali hilo lidai jibu. Anayeandika nimeelewa yote, aandike basi kitu kimoja kilichomshangaza. Kutazama tu, bila kutakiwa kurudi na kitu mkononi, ni kama kusikiliza redio. Jambo hili ndilo linaloanguka mapema zaidi kwa walimu wanaoanza. Wanatuma video, hawaulizi chochote, kisha wanashangaa darasa limekuja tupu.

Nije kwenye maswali magumu, ambayo najua mnayo vichwani.

La kwanza, vifaa. Usigeuze darasa kabla hujajua wanafunzi wako wana nini mikononi mwao baada ya masomo. Wape karatasi waandike bila majina: simu ipo? Ni ya nani, na anaipata saa ngapi? Intaneti ipo? Umeme? Mahali pa kukaa kimya pako wapi? Ukipata majibu, panga kwa kumfuata mwenye kidogo zaidi. Rekodi inaweza kuhamishwa kwa kadi ya kumbukumbu, kwa flashi, au kutoka simu moja hadi nyingine bila intaneti. Maktaba au chumba cha kompyuta kinaweza kufunguliwa kabla ya vipindi. Maandishi yanaweza kubeba mada nzima. Na kama hata hayo hayatoshi, geuza ndani ya darasa lenyewe: kikundi kimoja kinasoma au kutazama maelezo kwenye kona, kingine kinafanya mazoezi, kingine kimekaa na mwalimu, kisha wanazunguka. Unapoteza sehemu ya muda uliokuwa unautafuta, lakini unamlinda yule ambaye hana kitu. Mimi ningependa tuanze hivyo kuliko kuanza na mpango unaomhukumu mtoto kwa sababu ya umaskini wa nyumbani kwao.

La pili, wasiojiandaa. Watakuwepo, na siku ya kwanza watakuwa wengi. Mwalimu mwenye huruma atashawishika kusimama mbele na kueleza upya mada nzima ili wasiachwe. Naomba msifanye hivyo. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ukieleza upya, umewaambia waliojiandaa kwamba walipoteza jioni yao bure, na wiki ijayo nao hawatajiandaa. Badala yake, wasiojiandaa waanze kipindi wakisoma au kutazama yale maelezo pembeni, wajibu maswali matatu, kisha wajiunge na kikundi. Hawafukuzwi, hawaaibishwi. Wanakosa tu ile sehemu tamu ya mwanzo, na hilo huwafundisha haraka kuliko adhabu. Lakini mwalimu awaulize pia kwa faragha sababu. Mara nyingine mtoto ambaye kila mara hajajiandaa ndiye anayelea wadogo zake jioni, na huyo anahitaji mpango, si lawama.

La tatu, mzigo. Darasa geuzi ni kubadilishana, si kuongeza. Ukitanguliza maelezo, ondoa maswali ya nyumbani, kwa sababu sasa yanafanyika darasani. Walimu watano wa masomo matano wakituma kila mmoja rekodi ya dakika 10 kwa jioni moja, na maswali ya zamani yakabaki palepale, tumemtesa mtoto. Walimu wa darasa moja wakae, wagawane siku.

La nne, wanafunzi wenyewe watalalamika. Watasema, mwalimu hafundishi siku hizi. Hili lina maelezo yake. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Harvard: wanafunzi waliofundishwa kwa kushughulishwa walipata alama za juu zaidi kwenye jaribio, lakini walijiona wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Jasho la kufikiri wanalichukulia kuwa dalili ya kutojua, na mteremko wa mhadhara wanauona kuwa ndio kuelewa. Kwa hiyo tumieni kipindi kizima cha mwanzo kuwaeleza mnachofanya na kwa nini. Waelezeni kwamba kuhisi ugumu ni sehemu ya kazi. Wazazi nao waambiwe mapema, kwa barua fupi au kwenye kikao chao. Na wakuu wa shule mliopo hapa, nawasihi kwa moyo wangu wote: mkipita dirishani mkakuta darasa lina kelele na mwalimu hayuko ubaoni, msiandike kwamba darasa halina nidhamu. Ingieni. Simameni karibu na kikundi kimoja kwa dakika tano, msikilize wanabishania nini. Kama ni somo, basi hiyo ndiyo kazi tunayolipwa kuifanya.

Kuhusu maandalizi ya mwalimu, sitawaficha. Mara ya kwanza ni nzito. Unaandaa shughuli, unaandaa maelezo, unaandaa maswali, na bado una vipindi vingine. Ndiyo maana nikasema mada moja. Walimu wawili wa somo moja wakigawana, mmoja aandae maelezo na mwingine shughuli, mzigo unapungua, na mwaka ujao vitu hivyo vipo tayari, vinahitaji kurekebishwa tu. Hifadhini hasa zile shughuli na yale makosa ya wanafunzi mliyoyakusanya. Rekodi unaweza kuifanya upya wakati wowote.

Na mtajuaje kama imefaa? Msiwaulize wanafunzi kama wamefurahia. Mmeshaona kwa nini. Chukueni swali lile linalokosewa kila mwaka, mliulize wiki moja baadaye bila kuwatangazia, na mliulize tena mwezi mmoja baadaye. Linganisheni na daftari za mwaka jana au darasa la jirani. Tazameni hasa theluthi ya chini ya darasa. Kama waliokuwa nyuma wamesogea, ongezeni mada ya pili. Kama waliosogea ni wale wa mbele peke yao, rudini kwenye shughuli, rudini kwenye swali la vifaa, kabla ya kuongeza chochote.

Nimebakiza sehemu kubwa ya muda niliopewa, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Mbele ya kila meza kuna karatasi. Nawaomba mkae kwa masomo yenu, hisabati na hisabati, lugha na lugha, historia na historia. Andikeni mada ndogo moja ambayo wanafunzi wenu huikosea kila mwaka, kosa lenyewe kama wanavyoliandika wao, na swali moja la kuwatanguliza ambalo mtu aliyekariri kanuni bila kuielewa hawezi kulijibu. Hilo la mwisho ni gumu, msiharakishe. Nitapita meza kwa meza. Asanteni sana, tuanze.